Stadi za Magurudumu: Kuzitoa Zilizokatika na Kutia Mpya Nyumbani

Mkulima wa milima ya Usambara hana budi kuuza mbali. Kabichi, viazi, karoti na nyanya za Lukozi, Malindi, Mlalo na Mtae hushuka kwa gari mpaka Lushoto, kisha Soni, kisha Mombo, na kutoka huko huelekea Tanga na Dar es Salaam. Tangu reli ya Tanga ilipofika Mombo mwaka wa 1905, mji huo umekuwa mlango wa milima hii. Kutoka Lushoto hata Mombo ni kama kilometa 33, na katika mwendo huo njia hushuka kama meta 1,000, kwa kona nyingi kali, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili.

Katika njia hiyo gari lenye mzigo hutegemea vyuma vidogo ambavyo watu wengi hawavitazami kamwe. Navyo ni misumari ya hesi inayotokeza katika kitovu cha gurudumu, ambayo mafundi huiita stadi. Juu ya kila stadi hufungwa nati, na nati hubana ringi. Katika pikapu nyingi stadi moja ina unene wa milimeta 12 tu, na gurudumu zima hushikwa na stadi tano au sita. Ikikatika moja, wenye gari husema, "Zimebaki nne, tutafika." Karatasi hii yaeleza kwa nini maneno hayo ni ya hatari, na jinsi mkulima mwenye zana chache awezavyo kutoa stadi iliyokatika au iliyogoma, na kutia mpya, nyumbani kwake.

1. JINSI STADI INAVYOSHIKA GURUDUMU

Watu wengi hudhani kwamba gurudumu hutundikwa juu ya stadi kama jembe litundikwavyo juu ya msumari ukutani. Sivyo. Nati ikikazwa, stadi hunyooka kidogo sana, kama kamba ivutwavyo kufunga magunia juu ya lori. Kwa kuwa chuma hutaka kurudi urefu wake wa kwanza, stadi huvuta ringi kwa nguvu nyingi na kuigandamiza juu ya kitovu. Mkazo huo ndio unaoshika gurudumu.

Tena yafaa kufikiri habari ya kamba. Kamba iliyokazwa vema hubeba magunia mpaka mwisho wa safari. Kamba iliyolegea hukatika, si kwa uzito wa magunia, bali kwa sababu magunia hucheza na kuisugua. Na stadi ni vivyo hivyo. Nati ikilegea, ringi hucheza, na stadi hupindwa huku na huku kila gurudumu lizungukapo mara moja. Gurudumu la pikapu huzunguka kama mara 15,000 kutoka Lushoto hata Mombo. Chukua waya, uukunje na kuukunjua mara nyingi, nawe utaona mwisho wake.

Basi stadi moja ikikatika, zile zilizobaki hubeba kazi yake juu ya kazi yao. Hasa zile mbili za jirani, kulia na kushoto, huumia kabla hujaziona kuumia.

2. SABABU ZA KUKATIKA

Kabla ya kununua stadi mpya, sharti ujue kwa nini ya zamani imekatika, maana sababu ikibaki, na mpya itakatika vile vile.

(a) Kulegea. Nati haikukazwa vya kutosha, au haikukazwa tena baada ya gurudumu kufungwa.

(b) Kukaza kupita kiasi. Mtu hutia bomba refu katika spana, kisha hupanda juu yake kwa miguu. Stadi huvutwa mpaka hushindwa kurudi urefu wake, na tangu hapo haina nguvu tena.

(c) Uchafu. Udongo mwekundu, kutu nene au rangi mpya ikikaa kati ya ringi na kitovu, hukanyagwa na kupungua gari likienda. Hapo nati, ambazo jana zilikuwa zimekazwa vema, leo zimelegea.

(d) Nati isiyo yake. Magari mengi ya Toyota yana stadi za milimeta 12 ambazo hatua kati ya jino na jino la hesi ni milimeta 1.5. Magari mengi ya Nissan yana stadi za unene ule ule, lakini hatua ni milimeta 1.25. Nati ya moja huingia katika ya pili mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Na mtu akiilazimisha kwa spana, huharibu hesi zote mbili.

(e) Kufungua kinyume. Malori mengi ya zamani ya Kijapani yana hesi za kushoto katika magurudumu ya upande wa kushoto. Nati zake hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia, kama uendavyo mshale wa saa. Mara nyingi mwisho wa stadi hizo huandikwa herufi L. Mtu asiyejua huzungusha kushoto, akidhani anafungua, kumbe anakaza mpaka stadi inakatika. Kwa hiyo futa udongo na utazame herufi hiyo kabla ya kusema kwamba nati imegoma.

Kipande kilichokatika chaweza kukuambia sababu. Ikiwa sehemu ya uso wake ni laini na yenye kutu, na sehemu nyingine ni mpya na yenye kukwaruza, ufa ulianza zamani na kukua kidogo kidogo. Aghalabu nati ilikuwa imelegea. Ikiwa stadi imenyooka na kuwa nyembamba kama shingo mahali pa kukatika, ilikazwa kupita kiasi.

3. ZIBADILISHWE NGAPI?

Kanuni wanayoifuata mafundi wa malori ni hii: ikikatika stadi moja, ibadilishwe pamoja na jirani zake wawili, wa kulia na wa kushoto. Zikikatika mbili au zaidi katika gurudumu moja, zibadilishwe zote za gurudumu hilo. Usione kwamba ni kupoteza fedha. Bei ya stadi chache ni ndogo kuliko thamani ya gunia moja la viazi, na gurudumu likichomoka konani, hasara haihesabiwi kwa magunia.

Chukua stadi ya zamani dukani, uilinganishe na mpya. Ziwe sawa kwa urefu, kwa unene wa hesi, na kwa unene wa mikunjo iliyo karibu na kichwa, maana mikunjo hiyo ndiyo inayoshika ndani ya tundu la kitovu. Weka hesi za stadi mbili pamoja na kuziinua kwenye mwanga: meno yakiingiana bila nafasi, hatua yake ni moja.

4. KAZI ISIYOFAA KUFANYWA NYUMBANI

Kazi hii yafaa nyumbani ikiwa dramu au diski ya breki hutoka bila kufungua kitovu chenyewe. Katika magari mengine, hasa magurudumu ya mbele ya magari ya kazi, diski imefungwa nyuma ya kitovu, na stadi haiwezi kutoka mpaka kitovu kitolewe, beringi zifunguliwe, zitiwe grisi na kupimwa upya. Kazi hiyo mpelekee fundi. Vile vile mpelekee fundi ikiwa tundu la kitovu limepanuka hata stadi mpya huzunguka ndani yake. Kitovu cha namna hiyo sharti kibadilishwe.

Usikubali kamwe stadi ichomelewe kwenye kitovu. Chuma cha stadi kimetiwa ugumu kwa moto maalumu kiwandani. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu huo, na stadi hubaki yenye kuvunjika upesi, ingawa kwa macho yaonekana nzima.

5. MAHALI PA KAZI NA ULINZI

Katika nchi ya milima, jambo la kwanza ni kutafuta mahali pa sawa. Usiinue gari mtelemkoni, hata kama mtelemko ni mdogo. Shusha mzigo wote kwanza. Jeki ikisimamishwa juu ya udongo huzama, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo weka chini yake ubao mnene na mpana. Gari likiisha kuinuliwa, weka chini ya mwili wake magogo manene ya kulishika, maana jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemewa. Usiingie chini ya gari linalosimama kwa jeki peke yake.

Tena fahamu jambo hili, ambalo limewadanganya wengi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gia haiwezi kulizuia gari, kwa sababu gurudumu lililo hewani laweza kuzunguka na kuliacha la pili lizunguke chini. Na ili dramu ya breki itoke, mara nyingi huna budi kufungua breki ya mkono. Katika malori na magari mengine breki ya mkono hushika mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, wala haishiki magurudumu yenyewe. Hiyo nayo hushindwa mara gurudumu moja la nyuma linapoinuliwa. Basi kinacholishika gari ni kabari tu. Weka kabari imara za mti au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya upande usioinuliwa, yaani ya mbele ukiinua nyuma, na ya nyuma ukiinua mbele. Watoto wakae mbali.

Zana zinazohitajiwa ni hizi: spana ya magurudumu, jeki, magogo, kabari, nyundo nzito, tindo kali, brashi ya waya, klampu kubwa la chuma, washa nene tatu au nne, nati moja ya zamani yenye hesi nzima, grisi kidogo, na mzani wa kuning'iniza.

6. NATI ILIYOGOMA

Anza kulegeza nati gari likiwa bado chini, ili gurudumu lisizunguke. Piga hesi kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, kisha zitie mafuta ya kulainisha kutu. Usipoyapata, mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta kidogo ya injini husaidia. Yatie jioni, uyaache usiku kucha, na asubuhi uyatie tena. Kisha gonga nati pande zote kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi lakini mengi, ili kutu ivunjike na mafuta yapenye.

Tumia spana inayokaa sawasawa na nati. Kwanza jaribu kukaza kidogo sana, ndipo ulegeze. Mara nyingi kutu huachia kwa namna hiyo. Nati ikianza kutoka na kugoma tena, irudishe nusu mzunguko, tia mafuta, uendelee. Katika kulegeza waweza kurefusha spana kwa bomba, lakini katika kukaza bomba halitumiki kamwe.

Nati ikiwa imeharibika pembe zake, ipasue kwa tindo, ukielekeza makali kwenye ubavu wa nati, si kwenye ringi. Funika macho yako, maana vipande vya chuma huruka. Stadi hiyo ihesabiwe kuwa imekufa, hata ikiwa haikukatika.

Usitumie moto juu ya gurudumu lenye mpira uliojaa upepo. Ringi ikipata moto mkali, mpira waweza kupasuka na kuua mtu aliye karibu. Tena moto huyeyusha grisi ya beringi na kulegeza ugumu wa stadi nzima zilizo jirani.

7. KUTOA STADI YA ZAMANI

Inua gari, ondoa gurudumu, ulilaze chini ya ubavu wa gari liwe ulinzi wa pili. Ondoa dramu. Ikiwa imeshikwa na kutu, tazama usoni pake: dramu nyingi zina matundu mawili madogo yenye hesi. Tia humo bolti mbili zinazolingana na hesi zake, uzikaze kwa zamu, nazo zitaisukuma dramu nje. Ikiwa ni diski, fungua kalipa na kuining'iniza kwa waya. Usiiache ikining'inia kwa mpira wa mafuta ya breki. Breki isikanyagwe kamwe wakati huu. Vumbi la breki usilipulize, kwa kuwa breki za zamani huwa na asbesto inayodhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Stadi iliingizwa kutoka nyuma kwa nguvu, basi hutolewa kwa kusukumwa nyuma. Zungusha kitovu mpaka kichwa cha stadi kifike mahali penye nafasi ya kutokea. Njia iliyo njema ni ya klampu: weka soketi kubwa nyuma ya kitovu ili kichwa cha stadi kiingie ndani yake, weka klampu juu ya soketi na juu ya ncha ya stadi, kisha kaza polepole mpaka stadi ilie na kutoka. Ukikosa klampu, tumia nyundo nzito, mapigo machache yaliyonyoka, wala si mapigo mengi ya ovyo, maana kila pigo hufika kwenye beringi. Usizipige stadi utakazozibakiza.

8. KUTIA STADI MPYA

Safisha tundu kwa brashi. Ingiza stadi kutoka nyuma, uizungushe kwa mkono mpaka mikunjo yake iingie katika alama za zamani. Kwa mbele vika washa nene tatu au nne, ukipaka grisi kati ya washa na washa tu, wala si juu ya hesi. Kisha funga ile nati ya zamani, uso wake bapa ukielekea washa, uikaze taratibu. Nati itavuta stadi ndani kidogo kidogo.

Endelea mpaka kichwa cha stadi kikae juu ya kitovu nyuma bila nafasi yoyote. Tazama kwa taa, au pitisha ukucha. Kichwa kikikaa upande, au kikiacha nafasi hata ya unene wa karatasi, gari likienda kitajivuta ndani, na nati italegea njiani. Nati uliyovutia usiifunge tena kwenye gurudumu.

9. KUFUNGA GURUDUMU NA KUPIMA MKAZO

Safisha uso wa kitovu na uso wa ringi mpaka chuma kionekane. Usipake rangi wala grisi mahali nyuso hizo zinapokutana. Kwa magari madogo hesi za stadi ziwe kavu: hesi zenye mafuta huteleza, na kwa nguvu ile ile ya mkono stadi huvutwa kupita kiasi.

Anza nati zote kwa vidole, mizunguko mitatu au minne. Nati isiyokubali vidole isilazimishwe kwa spana. Kisha kaza kwa kuvuka, si kwa kufuatana: ukikaza ya juu, nenda ya upande wa chini, ndipo ya kulia, ndipo ya kushoto. Shusha gari mpaka gurudumu liguse chini, ndipo umalize.

Mkazo wa stadi za milimeta 12 katika pikapu nyingi ni kama newton-meta 100 hata 115. Ikiwa kitabu cha gari kipo, fuata kiasi chake. Stadi nene na za malori hutaka zaidi. Spana ya kupimia mkazo ni ghali, lakini mkulima anayo zana nyingine, nayo ni mzani wa kuning'iniza, ambao hupimia mazao sokoni. Fanya hivi. Pima sentimeta 40 kutoka katikati ya nati kwenye mkono wa spana, utie alama. Vika spana ielekee kulia, imelala sawa na ardhi. Ning'iniza mzani penye alama, uvute ndoano ya chini kuelekea ardhini polepole. Mzani ukionyesha kilo 26 hata 28, nati imekazwa kama inavyopasa. Kwa hesi za kushoto spana ielekee kushoto.

Sasa fikiri juu ya mtu wa kilo 70 anayesimama mwisho wa bomba la meta moja. Nguvu yake ni zaidi ya mara sita ya ile inayotakiwa. Huyo hafungi gurudumu. Anakata stadi, ila kukatika kwake kutaonekana siku nyingine.

10. KUKAZA TENA

Stadi mpya na ringi iliyosafishwa hukaa vema baada ya kwenda kidogo. Kwa hiyo nati sharti zipimwe tena kabla ya kilometa 100. Mwenye gari wa Lushoto na apime akifika Mombo, vyuma vikiisha kupoa, maana breki hupata moto sana katika mtelemko ule. Na apime tena akirudi nyumbani. Baada ya hapo apime kila wiki, na kila mara mpira unapobadilishwa.

Ikikatika stadi njiani, simama mahali pa sawa, kaza zilizobaki, na usiteremke na mzigo. Afadhali mzigo uhamishwe katika gari lingine, hata kama faida yote itakwisha kwa ujira.

KUMBUKA

Mstari wa kutu unaotoka chini ya nati ni dalili ya kulegea.
Tundu la ringi linalong'aa au lililorefuka ni dalili ya ringi kucheza; ringi hiyo haifai tena.
Mlio wa tik-tik gari likienda polepole, au usukani kutetemeka, ni amri ya kusimama.
Stadi moja ikikatika, badilisha tatu. Mbili zikikatika, badilisha zote.
Bomba ni la kulegezea. Mzani ni wa kukazia.
Kabari kwanza, jeki baadaye.

Mwenye gari akizunguka magurudumu yake manne kila asubuhi kabla ya kupakia, akigusa kila nati kwa mkono na kutazama kwa macho, hutumia muda usiozidi ule wa kufunga gunia moja. Kazi hiyo ndogo ndiyo inayofikisha mazao sokoni na dereva nyumbani.